Tuwahesabu watoto kabla ya kung'oa nanga

KILA mwaka sikukuu za Noeli na Pasaka zinapokaribia, na tena shule zinapofungwa katikati ya mwaka, mialo ya Kibirizi na Ujiji hujaa watoto. Ni wanakwaya waliovaa sare zao mpya, watoto wa Shule ya Jumapili na wa Utoto Mtakatifu, na vijana wanaokwenda kwenye kongamano au mashindano ya kwaya. Wapo wanaotoka vijijini kuja mjini Kigoma. Wapo wanaotoka mjini kwenda Mwamgongo na Kagunga upande wa kaskazini, au Sunuka, Sigunga na Buhingu upande wa kusini. Na barabarani nako, malori na mabasi madogo hupakia vijana kuelekea Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Huimba tangu kuondoka hadi kufika. Ni jambo la kupendeza, na sisi hatuna nia hata kidogo ya kulitia doa.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo mtu yeyote anaweza kulitoa pale mwaloni, naye mara nyingi asipate jibu: Je, watoto hawa ni wangapi? Kiongozi wa kwaya atasema "kama arobaini hivi." Nahodha atasema wametosha. Mzee wa kanisa atasema wengine wameongezeka dakika za mwisho. Tunadiriki kusema kwamba jibu la "kama arobaini hivi" ndilo chanzo cha hatari yote tunayotaka kuizungumzia leo.

Mahubiri ya viongozi wa dini hayatuhusu hapa. Dini ni hiari ya kila raia, na kila dhehebu lina utaratibu wake. Ila safari ya mtoto inapita juu ya maji ya taifa na katika barabara za taifa, na mtoto mwenyewe ni raia mwenye haki ya kulindwa. Kwa sababu hiyo suala hili linamhusu kila mwananchi, na hasa watumishi wa umma na walimu, kwa sababu tutakazozieleza.

ZIWA

Tuanze na Ziwa Tanganyika lenyewe. Ni ziwa refu lenye kilomita zipatazo 670 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kinafikia mita 1,470, hata likawa la pili kwa kina duniani. Watu wa mwambao hawahitaji kuambiwa habari hizo na vitabu, maana wanalifahamu ziwa lao. Wanajua kwamba wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huweza kuvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Wanajua pia kwamba wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, dhoruba huweza kuzuka ghafla katika anga lililokuwa shwari saa moja kabla.

Sasa tuitazame kalenda ya makanisa. Noeli huja katikati ya mvua. Pasaka huja katika mvua za masika. Makongamano ya vijana ya likizo ya Juni na Julai huangukia katika majira ya upepo wa kusini. Kwa maneno mengine, hakuna msimu wa safari za watoto wa kanisa ambao ziwa limeahidi kuwa tulivu. Yeyote anayepanga safari hizo hana budi kuipanga kwa kuikumbuka hali hiyo, badala ya kuondoka kwanza na kutazama mawingu baadaye.

Tena tukumbuke historia ya usafiri wetu. Meli ya MV Liemba iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza kazi kwa jina hilo mwaka 1927, ilihudumia mwambao huu kwa miaka mingi. Lakini hata ilipokuwa ikisafiri kila mara, katika vijiji vingi haikupata gati. Abiria walishuka katika mitumbwi wakiwa majini, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Kati ya kijiji na kijiji, chombo cha wananchi kimekuwa boti ya mbao yenye mashine. Watu wa mwambao hawakuichagua kwa ufahari. Ndicho chombo kilichopo, na haifai kuwalaumu wazazi wa Mwamgongo kwa sababu hawakutumia basi.

MAFUNZO

Taifa letu limekwisha kujifunza somo hili kwa gharama kubwa mno. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Meli ile ilikuwa na nafasi ya abiria 430, lakini mamia ya watu walipoteza maisha, na mpaka leo idadi kamili ya waliokuwamo inabishaniwa kwa sababu haikuandikwa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228. Hapo tena, wakati waokoaji wakiwa kazini, hakuna aliyeweza kutaja kwa hakika ni watu wangapi waliokuwa wamepanda.

Barabarani nako hatukupona. Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lililotoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilayani Karatu, na kuwaua wanafunzi 32 pamoja na walimu wao wawili na dereva. Watoto wale walikuwa safarini kwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Hapa kwetu Kigoma, Juni 2018, basi la abiria liligongana na treni ya mizigo katika makutano ya reli na barabara ya Gungu, na wananchi wakapoteza maisha mlangoni mwa mji wao wenyewe.

Na katika nchi jirani ya Kenya, tarehe 4 Desemba 2021, wanakwaya wa kanisa moja la Mwingi walipanda basi kwenda kuimba kwenye harusi. Walipofika Mto Enziu walikuta daraja limefunikwa na maji ya mafuriko. Watu walisimama kandokando wakitazama. Basi lilisogea, likaingia majini, mkondo ukalisukuma na kulilaza ubavu. Watu zaidi ya 30 walifariki, wakiwamo watoto. Waliokuwamo walikuwa watu wazuri, waliokuwa katika jambo jema, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Mto haukuyajali hayo hata moja.

Tunaitaja ajali ya Enziu kwa sababu inafundisha jambo ambalo takwimu haziwezi kulifundisha. Harusi ilikuwa inangoja. Muda ulikuwa unakwenda. Kila aliyekuwamo bila shaka aliyaona maji yale, lakini katika kundi kubwa la namna hiyo ni vigumu mno mtu mmoja kusimama na kusema, "Sisi tunageuza." Kila mmoja hudhani kwamba mwenzake amekwisha kupima. Dereva hudhani viongozi wanataka kuendelea, na viongozi hudhani dereva anajua kazi yake. Katika kudhaniana huko, watoto hupelekwa mtoni.

DHAMANA

Mzazi anapomkabidhi mtoto wake kwa mwalimu wa kwaya pale Kibirizi, anakabidhi dhamana. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, lakini siku ile ya safari mlezi si mzazi tena. Mlezi ni yule aliyepokea mkono wa mtoto na kusema, "Usijali mama, tutamrudisha Jumapili jioni." Maneno hayo ni ahadi nzito. Aliyeyatamka amejitwisha wajibu wa kujua mtoto yuko wapi, amekaa na nani, amelala wapi na atarudije.

Sasa twende kwa wasomaji wetu walimu na watumishi. Ni nani hasa wanaoongoza safari hizi? Mara nyingi mwalimu wa kwaya ni mwalimu wa shule ya msingi. Mlezi wa UKWATA au wa TYCS ni mwalimu wa sekondari. Mhasibu wa kongamano ni karani wa halmashauri. Mzee wa kanisa ni ofisa mtendaji au mganga wa zahanati. Kwa hiyo safari hizi zinaongozwa na watu walioelimika, wanaoujua utaratibu na wanaoutekeleza kila siku kazini.

Jumatatu hadi Ijumaa, mwalimu huyu huita majina asubuhi na kuita tena mchana. Haruhusu mtoto mmoja atoke nje ya eneo la shule bila sababu. Akitaka kuwapeleka wanafunzi michezoni huomba kibali, huandika barua na kuwajulisha wazazi. Lakini ikifika Jumamosi, mwalimu yuleyule, na watoto walewale, wanapanda boti saa kumi na mbili jioni bila orodha, bila barua, na bila mtu yeyote aliyebaki nyumbani kujua idadi yao. Je, mtoto hupungua thamani siku ya Jumamosi? Au daftari la mahudhurio ni la Serikali tu, na kanisani roho ya mtoto inahesabiwa kwa makadirio?

Tunauliza maswali hayo bila kumdharau mtu. Tunatambua kwamba watu hawa wanafanya kazi ya kujitolea, bila malipo, na mara nyingi kwa kutoa fedha mifukoni mwao. Lakini kujitolea si ruhusa ya uzembe. Anayejitolea kulea anajitolea pia kuwajibika.

UTARATIBU

Wako watakaosema kwamba usalama unahitaji fedha, na makanisa yetu ya vijijini ni maskini. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Tuyatenganishe yanayohitaji fedha na yasiyohitaji.

Orodha ya majina haihitaji fedha. Inahitaji karatasi mbili na kalamu. Karatasi moja husafiri na kiongozi, ya pili hubaki kwa mtu anayejulikana kijijini au mtaani, ikiwa na jina la kila mtoto, jina la mzazi na namba yake ya simu. Watoto wahesabiwe wanapopanda, wahesabiwe wanaposhuka, na wahesabiwe tena kabla ya kurudi. Mtoto ambaye jina lake halimo asipande, hata kama ni mtoto wa mchungaji.

Kuondoka mapema hakuhitaji fedha. Safari ya watoto ianze asubuhi na imalizike mchana, ili giza lisiwakute majini wala barabarani. Kuwauliza wavuvi habari za upepo hakuhitaji fedha. Mvuvi aliyerudi alfajiri anajua zaidi ya kiongozi aliyelala mjini. Na kuahirisha safari hakuhitaji fedha, ingawa kunahitaji moyo.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Kila safari ya watoto iwe na mtu mzima mmoja aliyeteuliwa mapema, mbele ya wazazi, mwenye mamlaka ya kusema, "Leo hatuendi." Neno lake likubaliwe bila mjadala na nahodha, dereva, mchungaji na kamati. Asiulizwe nani atarudisha nauli. Asiambiwe kwamba mgeni rasmi anangoja. Kongamano likikosa kwaya moja, litaendelea. Kijiji kikikosa watoto wake arobaini, hakitaendelea.

Kuhusu yanayohitaji fedha, tunaomba makanisa yatazame upya matumizi yake. Tunaona michango ikichangwa kwa sare za kwaya, vinanda na vipaza sauti, na tunapongeza ari hiyo. Lakini kwaya inayoweza kununua spika kubwa mbili inaweza pia kununua au kukodi jaketi za kujiokolea za saizi ya watoto. Tunasisitiza saizi ya watoto, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto majini. Tena jaketi lililofungiwa chini ya mizigo ni pambo tu. Jaketi huvaliwa kabla ya boti kuondoka na huvuliwa baada ya kufika.

Barabarani mambo ni hayohayo. Lori la mizigo halikutengenezwa kubeba watoto waliosimama wakishikilia kamba. Basi dogo lina idadi ya viti vyake. Kupakiana mishikaki kwenye bodaboda kwenda kwenye mafundisho ya kipaimara ni kumwekea mtoto rehani maisha yake kwa kuokoa shilingi chache. Sasa lami imefika hadi Kasulu, na lami imeleta mwendo wa kasi. Barabara nzuri haimpunguzii dereva mchovu usingizi. Dereva aliyekesha kwenye mkesha wa Pasaka asipewe usukani asubuhi yake.

Lipo pia jambo ambalo watu huona haya kulitamka, nasi tutalitamka. Mtoto anaweza kufika salama kwa boti na kudhurika kwa mkono wa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inatutaka sote tumlinde dhidi ya madhara na unyanyasaji. Kwa hiyo kundi la watoto lisafiri na watu wazima wasiopungua wawili, na penye wasichana awepo mama anayeaminiwa na wazazi. Mtoto mmoja asiachwe arudi usiku peke yake na mtu mzima mmoja, awe dereva, mwalimu au mtumishi wa Mungu. Watu waaminifu hawatachukia utaratibu huo, maana unawalinda na wao.

WAJIBU

Baada ya kuwaambia viongozi wa makanisa, haitakuwa haki kuzisahau ofisi za umma. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018, lina jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Jeshi la Polisi lina kikosi cha usalama barabarani. Vijiji vina maofisa watendaji, na mialo ina vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi. Vyombo vyote hivyo vipo. Lakini safari za makanisa hufanyika mwisho wa wiki na siku za sikukuu, yaani siku zilezile ambazo ofisi nyingi hufungwa. Mkaguzi anayelala siku ya msongamano na kuamka siku ambayo mwalo ni mtupu anakagua maji, si abiria.

Tunapendekeza kwamba wiki moja kabla ya sikukuu, watendaji wa vijiji vya mwambao wakae na viongozi wa makanisa, wenye boti na wakuu wa shule, wajue ni makundi gani yanasafiri, kwa chombo gani na saa ngapi. Boti isiyokaguliwa isipewe watoto. Kikao hicho kinaweza kufanyika chini ya mwembe kwa muda wa saa moja. Na kwa kuwa Ujiji na vijiji vingi ni makazi ya Waislamu na Wakristo pamoja, utaratibu huohuo uwahusu watoto wa madrasa wanaosafiri kwa ajili ya Maulidi. Wimbi halimuulizi mtoto dini yake.

Wala asitokee mtu wa kudai kwamba Kigoma hatuwezi. Mwezi Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, wengi wao wakiwa watoto, walikusanyika Kagunga, mahali penye ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. MV Liemba iliwavusha hadi Kigoma, safari baada ya safari. Ikiwa katika dharura ile kubwa tuliweza kuwavusha watoto wa jirani, tutashindwaje kuwapanga watoto wetu arobaini wanaokwenda kuimba?

Tunajua pia jibu ambalo husikika kila tunapozungumza habari hizi, kwamba ajali haina kinga na Mungu ndiye mlinzi. Hatubishani na imani ya mtu. Tunachosema ni kwamba mtu anayemwamini Mungu na kuacha kuhesabu watoto amemwachia Mungu kazi ambayo yeye mwenyewe alipewa mikono ya kuifanya. Mkulima mcha Mungu husali na kupalilia. Nahodha mcha Mungu husali na kuziba boti yake isivuje.

Likizo nyingine inakuja, na sare zinashonwa. Wito wetu kwa kila mwalimu na kila mtumishi aliye mlezi wa vijana katika kanisa lake ni kwamba safari hii aende mwaloni na daftari. Aite jina, na mtoto aitikie. Aliyeteuliwa atazame ziwa, na akisema twende, waende wakiimba. Akisema tungoje, wangoje wakiimba. Jumapili jioni, mama aliyesimama Kibirizi atakapoanza kuhesabu vichwa vinavyoshuka, hesabu yake na ya kiongozi zilingane. Hiyo ndiyo sala ambayo kila mmoja wetu anaweza kuijibu kwa mkono wake mwenyewe.